Namna ya Kusoma Tangazo la Kampuni ya Faragha Ukiwa Kituoni au Ndani ya Treni

Abiria wa treni za London, New York au San Francisco hakosi kukutana, ukutani mwa kituo au juu ya madirisha ya behewa, na bango linalomwonya kwamba wapo wanaotazama anachofanya mtandaoni na kwamba ipo kampuni iliyo tayari kumkinga. Wenye mabango hayo ni wa aina tatu hasa. Kuna wauzaji wa VPN, yaani huduma inayosimba mawasiliano ya simu au kompyuta yako, kwa maana ya kuyageuza yasisomeke na mwingine, na kuyapitisha kwenye seva (kompyuta kuu) ya kampuni kabla hayajaingia katika intaneti pana; kuna wenye injini za utafutaji na vivinjari vinavyoahidi kutohifadhi historia yako; na kuna watengenezaji wa simu wanaoinadi faragha kama sifa ya bidhaa. Mwongozo huu ni wa msafiri aliyesimama mbele ya bango la namna hiyo, amevutiwa, na anataka kujua ahadi aliyoisoma ina uzito gani kabla ya kutoa kadi yake ya benki.

Mfano wa awali unaotajwa sana ni wa Januari 2011, pale DuckDuckGo, injini ya utafutaji iliyoanzishwa na Gabriel Weinberg mwaka 2008, ilipokodi bango moja la barabarani mjini San Francisco kwa wiki nne, kwa dola 7,000 hivi, na kuandika kwamba Google inakufuatilia na wao hawakufuatilii. Tangu hapo mtindo huo umeenea hadi kwenye mabasi na treni. Kampuni ya VPN ya Mullvad, yenye makao yake Gothenburg nchini Sweden, ni miongoni mwa zilizopeleka mabango yake katika usafiri wa umma wa miji ya Marekani.

Kuna sababu ya msingi ya kuchagua ukuta wa kituo. Tangazo la mtandaoni huuzwa kwa kumjua mtazamaji: umri wake, alichotafuta jana, duka alilolitembelea. Bango la karatasi huuzwa kwa mahali na kwa idadi ya wapitao, wala halijui ni nani amelisoma. Kampuni inayolaani ufuatiliaji huona aibu kuununua ufuatiliaji huo huo ili ijitangaze, kwa hiyo bango huipa njia safi. Hata hivyo, usafi wa njia hauthibitishi usafi wa bidhaa, na wauzaji wengi wa VPN wanaobandika mabango vituoni hutangaza pia mitandaoni kama mfanyabiashara mwingine yeyote. Usiihesabu karatasi kuwa ushahidi.

Soma mara mbili: maneno kwanza, kisha picha

Hatua ya kwanza ni kutenganisha linalosemwa na linalodokezwa. Soma maneno yenyewe na ujiulize yanadai nini hasa, kama kwamba utatakiwa kuyarudia mbele ya hakimu. Kisha itazame picha na ujiulize imekufanya uamini nini ambacho maneno hayakukitamka. Katika matangazo ya faragha, sehemu kubwa ya kazi hufanywa na picha: mtu mwenye kofia ya sweta aliyeinamia kompyuta gizani, jicho linalochungulia kutoka kwenye simu, abiria anayetazamwa na behewa zima.

Uamuzi uliotolewa Uingereza mwaka 2019 unafundisha vizuri. Januari mwaka huo NordVPN ilirusha katika televisheni tangazo lililomwonyesha mwanamume akitembea ndani ya behewa la treni huku akiwatolea abiria wenzake taarifa zake za siri, zikiwamo za kadi ya benki. Maana yake ilikuwa kwamba kutumia Wi-Fi ya umma ni sawa na kufanya hivyo. Mamlaka ya Viwango vya Matangazo, inayojulikana kwa kifupi kama ASA, ilichapisha uamuzi wake Mei 2019 na kusema kwamba tangazo lilipotosha kwa kukuza hatari. Mamlaka haikusema kwamba Wi-Fi ya umma haina hatari yoyote. Ilisema kwamba mtazamaji angeondoka akiamini kuwa mtandao wa namna hiyo hauna kinga yoyote, ilhali tovuti nyingi tayari hutumia HTTPS, ambayo ni kinga kubwa. Lile lilikuwa tangazo la televisheni, lakini kipimo kilichotumika kinafaa kwa bango lolote utakaloliona ukisubiri treni.

Inafaa kuelewa kinga hiyo inavyofanya kazi, kwa kuwa nusu ya hofu inayouzwa vituoni hutegemea msomaji asiyeijua. Unapofungua tovuti ya benki kwa anwani inayoanza na https, simu yako na seva ya benki hukubaliana ufunguo wa siri, na kila kinachopita kati yao husimbwa kwa ufunguo huo. Mwenye Wi-Fi ya kituo huwa kama tarishi aliyebeba bahasha iliyofungwa: anaona inakwenda kwa nani na ina uzito gani, lakini hasomi kilichomo. Kwa hiyo anaweza kujua kwamba umeitembelea tovuti ya benki fulani au ya hospitali fulani, na kwa watu wengine hilo pekee ni jambo zito; lakini nywila na namba ya kadi hazioni. Hatari inayobaki ni ya mtandao bandia uliopewa jina linalofanana na la kituo ili ukupeleke kwenye ukurasa wa uongo, na ya mtumiaji mwenyewe anayepuuza onyo la kivinjari kwamba cheti cha tovuti, yaani uthibitisho wa utambulisho wake, hakiaminiki. Dawa ya zote mbili ni ya bure: onyo la cheti likitokea, funga ukurasa na utumie data ya simu yako.

Kwa kipimo hicho, bango likisema kwamba VPN itawazuia wenye mtandao wa kituo kujua tovuti unazozitembelea, linasema kweli. Likidokeza kwamba bila VPN akaunti yako ya benki iko wazi kwa kila aliyekaa behewani, linakuuzia hofu.

Mtaje unayemficha

Hatua inayofuata huachwa na wengi, nayo ndiyo yenye manufaa kuliko zote. Kabla ya kulinganisha bei na idadi ya seva, andika kwenye karatasi jina la yule usiyetaka akuone. Neno «faragha» likiachwa peke yake halina ukubwa unaojulikana, na muuzaji hupenda libaki hivyo. Likishapewa mtu wa upande wa pili, linapimika.

Ukiandika mwenye Wi-Fi ya kituo, ya hoteli au ya ofisi, au kampuni ya simu inayokuuzia data, basi VPN ni chombo kinachofaa, kwa sababu wote hao wataona tu kwamba umeunganishwa na seva moja. Ukiandika Facebook au Google, bango la VPN halikuhusu sana. Ukiingia kwenye akaunti yako, wanakujua kwa jina, hata kama anwani yako ya IP, yaani namba inayokitambulisha kifaa chako kwenye intaneti, inaonyesha kwamba uko Amsterdam. Usipoingia, vidakuzi (kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha) vilivyomo ndani ya kivinjari na mchanganyiko wa sifa za kifaa chako, kama vile ukubwa wa skrini, fonti na lugha, vinaweza kukutambulisha. Hapo unahitaji kivinjari kinachozuia vifuatiliaji, na vipo vya bure. Ukiandika jina la mtu wa nyumbani anayeijua nywila ya simu yako, hakuna kampuni yenye bango kituoni itakayokusaidia. Badilisha nywila kwanza.

Ukiandika polisi au serikali, swali linakuwa la sheria na la nchi ilipo kampuni, na bango halina nafasi ya kulijibu. Mwaka 2021 ilijulikana kwamba Proton, kampuni ya barua pepe ya Uswisi, ilikuwa imelazimishwa kisheria na mamlaka za nchi hiyo, kufuatia ombi lililotoka Ufaransa, kurekodi anwani ya IP ya mwanaharakati wa mazingira. Yaliyomo katika barua yalibaki yamesimbwa, lakini anwani ilitolewa, na baada ya hapo kampuni iliyabadilisha maneno ya tovuti yake yaliyokuwa yakisema kwamba kwa kawaida hairekodi anwani za IP. Sioni uovu katika kampuni kutii sheria ya nchi yake. Kasoro ilikuwa katika kauli fupi ya kibiashara iliyowafanya watu wasahau kwamba sheria hiyo ipo.

Jambo la kubeba kutoka hatua hii ni kwamba VPN huhamisha uaminifu kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Yote ambayo mtoa huduma wako wa intaneti angeweza kuyaona kuhusu safari zako za mtandaoni, sasa mwenye VPN anaweza kuyaona. Kwa hiyo maswali yanayobaki ni kuhusu yeye.

Ahadi ya kutorekodi

Karibu kila bango la VPN hudai kwamba kampuni haihifadhi kumbukumbu za matumizi ya wateja. Dai hilo ni rahisi kuliandika na gumu kulithibitisha ukiwa nje, na historia yake haipendezi. Mwaka 2017 nyaraka za mahakama nchini Marekani zilionyesha kwamba kumbukumbu za PureVPN, iliyokuwa ikijitangaza kuwa hairekodi, ziliisaidia FBI kumtambua mtuhumiwa. Mwaka 2018 ikajulikana kwamba IPVanish, ikiwa chini ya wamiliki waliotangulia, iliwapa wapelelezi wa Marekani taarifa za mteja mwaka 2016 ilhali ilikuwa ikitangaza kutorekodi chochote. Julai 2020 watafiti wa usalama wa mtandao walikuta kumbukumbu za watumiaji wa UFO VPN na huduma nyingine zenye uhusiano nayo zikiwa zimeachwa wazi kwenye intaneti, nazo pia zilikuwa na ahadi ile ile. Ni kweli kwamba baadhi ya waliosaidiwa kukamatwa walikuwa wametenda mabaya. Lakini hapa tunachopima ni maneno ya tangazo, na maneno hayo hayakuwa ya kweli.

Upande wa pili zipo kampuni zilizojaribiwa na ahadi zao zikasimama. Baada ya balozi wa Urusi nchini Uturuki, Andrei Karlov, kuuawa Desemba 2016, wachunguzi wa Uturuki walichukua seva ya ExpressVPN wakitafuta aliyefuta akaunti zinazohusiana na muuaji, na kampuni ikasema mwaka uliofuata kwamba hapakupatikana chochote cha mteja. Private Internet Access iliagizwa na mahakama za Marekani zaidi ya mara moja kutoa kumbukumbu, ikawa haina cha kutoa. Aprili 2023 polisi wa Sweden waliingia katika ofisi ya Mullvad wakiwa na hati ya upekuzi, wakaelezwa kwamba data wanayoitafuta haipo, na wakaondoka mikono mitupu.

Ukifika nyumbani, tafuta mambo mawili kuhusu kampuni uliyoiona. La kwanza ni kama imewahi kufikiwa na amri ya mahakama au upekuzi, na nini kilitokea. La pili ni ripoti ya ukaguzi huru. Usiridhike na nembo ya mkaguzi iliyobandikwa kwenye tovuti. Fungua ripoti yenyewe na uangalie tarehe, nani alikagua, na alikagua nini. Ukaguzi wa programu ya simu hausemi lolote kuhusu kinachohifadhiwa kwenye seva, na ukaguzi wa siku chache miaka mitano iliyopita hausemi lolote kuhusu leo. Ripoti ikiwa haipatikani mpaka uwe mteja, au haipatikani kabisa, lichukulie dai kama lisilothibitishwa, na uendelee na safari yako.

Nani anamiliki jina lililo kwenye bango

Majina ni mengi kuliko wamiliki. Kampuni iliyoitwa Crossrider, ambayo zamani jukwaa lake lilitumiwa kusambaza programu za matangazo zinazojipachika kwenye vivinjari vya watu, ilibadili jina na kuwa Kape Technologies. Ilinunua CyberGhost mwaka 2017, ZenMate mwaka 2018, Private Internet Access mwaka 2019, na mwaka 2021 ikatangaza kuinunua ExpressVPN kwa dola milioni 936. Abiria anayelinganisha mabango mawili ya rangi tofauti anaweza kuwa analinganisha mifuko miwili ya mtu mmoja. Kubadili mmiliki hakufuti rekodi nzuri iliyopatikana kabla, lakini hakuirithishi pia: ushahidi wa mahakama wa 2016 au 2017 unahusu uongozi wa wakati ule.

Mmiliki akiwa na biashara nyingine inayokula data, kuwa mwangalifu zaidi. Facebook ilinunua Onavo mwaka 2013 na kuisambaza kama VPN ya kumlinda mtumiaji, huku ikitumia data yake kujua ni programu zipi zinazokua kwa kasi. Programu hiyo iliondolewa kwenye duka la Apple mwaka 2018, na Julai 2023 mahakama ya shirikisho ya Australia iliziamuru kampuni mbili tanzu za Meta, kampuni mama ya Facebook, kulipa dola za Australia milioni 20 kwa jumla kwa sababu ya upotoshaji huo. Avast nayo, iliyouza kinga dhidi ya virusi na vifuatiliaji, iliuza historia ya matembezi ya wateja wake mtandaoni kupitia kampuni tanzu ya Jumpshot, iliyofungwa mwaka 2020. Mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliitaka ilipe dola milioni 16.5.

Kanuni za matangazo yanayojilinganisha

Bango linalomtaja mshindani na kusema «sisi si kama wao» linafaa kusomwa kwa kuuliza: katika bidhaa ipi? DuckDuckGo ilijenga jina kwa injini ya utafutaji, na kwa upande huo ahadi yake ilikuwa wazi. Mei 2022 mtafiti mmoja alionyesha kwamba kivinjari chake cha simu kilikuwa kikiviruhusu vifuatiliaji fulani vya Microsoft katika tovuti za watu wengine, kwa sababu ya masharti ya mkataba wa kupata matokeo ya utafutaji kutoka Bing, injini ya utafutaji ya Microsoft. Weinberg alikiri kwamba mkataba ulikuwa na kizuizi hicho, na Agosti mwaka huo kampuni ikatangaza kwamba imeongeza uzuiaji. Bidhaa mbili, jina moja, ahadi tofauti.

Apple nayo, wakati wa maonyesho ya teknolojia ya Las Vegas ya Januari 2019, ilitundika mjini humo bango kubwa lililosema kwamba yanayotokea kwenye iPhone yako hubaki kwenye iPhone yako. Wakati huo nakala rudufu za iCloud (hifadhi ya mtandaoni ya Apple), ambazo watumiaji wengi wanazo, zilikuwa zikihifadhiwa kwa njia iliyoiwezesha Apple kuzifungua ikiamriwa kisheria. Kinga kamili ya nakala hizo ilianza kutolewa Desemba 2022 kwa anayeiwasha mwenyewe, na Februari 2025 Apple iliiondoa kwa watumiaji wapya wa Uingereza baada ya shinikizo la serikali ya huko. Kwa hiyo msomaji wa London na msomaji wa Chicago wakisimama mbele ya bango moja la faragha, hawanunui kitu kimoja.

Msimbo wa QR na bei

Bango la karatasi likiwekewa msimbo wa QR, ule usafi niliousifu mwanzoni hupungua. Msimbo unaweza kubeba ndani ya anwani yake alama inayotaja kituo na kampeni, na kuanzia hapo tovuti inajua ulilisomea wapi bango. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mtu yeyote anaweza kubandika msimbo wake juu ya ule halisi. Mwaka 2023 mwanamke mmoja alipoteza pauni 13,000 baada ya kusoma msimbo bandia uliobandikwa katika maegesho ya magari ya kituo cha treni cha Thornaby, kaskazini mwa Uingereza, na kampuni ya treni ya TransPennine Express ikaondoa misimbo katika maegesho yake. Usipige picha msimbo. Andika jina la kampuni kwa mkono wako, ulitafute baadaye, na upakue programu kutoka duka rasmi la simu yako.

Kuhusu bei, tazama herufi ndogo chini ya punguzo. Bei ya mwezi inayoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi hupatikana kwa anayelipa miaka miwili kwa mkupuo, na muda huo ukiisha mkataba hujirudia wenyewe kwa bei ya juu zaidi. Andika tarehe ya mwisho kwenye kalenda siku ile ile unayolipa, na uzime malipo ya kujirudia mapema. Siyo kampuni zote zinazofanya hivyo: Mullvad imetoza euro 5 kwa mwezi tangu ilipoanza mwaka 2009, humpa mteja namba ya akaunti badala ya kumwomba barua pepe, na mwaka 2022 iliacha kupokea usajili wa kujirudia, ikieleza kwamba malipo ya namna hiyo huilazimu kuhifadhi data ambayo haitaki kuwa nayo. Huo ni mfano adimu wa kampuni iliyoacha pesa mezani kwa sababu ile ile iliyoiandika kwenye tangazo.

Kile ambacho bango halikisemi kuhusu kituo chenyewe

Inachekesha kidogo kwamba bango linaloonya juu ya ufuatiliaji wa mtandaoni hukaa mahali ambapo abiria hufuatiliwa kwa njia nyingine kabisa. Kuanzia Novemba hadi Desemba 2016, mamlaka ya usafiri ya London ilifanya jaribio katika vituo 54 la kukusanya ishara za Wi-Fi za simu za abiria ili kujua wanapita njia zipi. Kwa wiki nne ilipata rekodi milioni 509 kutoka vifaa milioni 5.6. Julai 2019 mpango huo ukawa wa kudumu katika vituo zaidi ya 260. Mamlaka inaeleza kwamba vitambulisho vya vifaa hubadilishwa ili visimtaje mtu, na lengo lake, kupunguza msongamano, si baya. Ila zingatia kwamba VPN haihusiki hapa hata kidogo, kwa kuwa inayokusanywa ni ishara inayotolewa na kifaa kwa mitambo ya kituo, na ishara hiyo haipiti ndani ya njia iliyosimbwa. Matangazo yaliyobandikwa vituoni yaliwaambia abiria namna ya kujitoa: zima Wi-Fi.

Fanya hivyo basi, nako hakugharimu kitu. Katika simu za miaka ya karibuni acha pia mpangilio wa anwani ya faragha ya Wi-Fi ukiwa umewashwa. iPhone zinao tangu 2020 na Android tangu toleo la 10, nao huipa simu kitambulisho tofauti kwa kila mtandao.

Skrini za matangazo nazo zastahili kutazamwa. Katika metro ya São Paulo, kampuni inayoendesha laini ya 4 iliweka mwaka 2018 milango yenye skrini na kamera zilizokadiria umri, jinsia na hisia za waliokuwa wakitazama matangazo. Shirika la kutetea watumiaji la Brazil lilifungua kesi, mahakama ikaamuru kamera zizimwe mwaka huo huo, na hukumu ya 2021 ikaiadhibu kampuni. Ukiona skrini yenye kijicho cha kamera, tafuta maandishi yanayoeleza inafanya nini. Yasipokuwapo, una haki ya kuuliza.

Ukivuka mpaka na programu uliyoinunua

Wasomaji wengi wa Kiswahili hawakuijulia VPN kwenye mabango. Waganda waliijua Julai 2018, serikali yao ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii, na watu wakapita pembeni. Bango la London au New York limeandikwa kwa msomaji ambaye kutumia VPN si kosa kwake, nalo halitakuonya kwamba mambo hubadilika uwanja wa ndege. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliwataka watumiaji wa VPN kutoa taarifa za matumizi yao, pamoja na anwani za IP, kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, ikirejelea kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020. Katika Falme za Kiarabu, sheria ya makosa ya mtandao ya 2021 inamwadhibu anayeficha anwani yake ya IP kwa nia ya kutenda kosa au kuzuia lisigunduliwe, kwa kifungo na faini inayoanzia dirhamu 500,000, au mojawapo ya hizo. Kagua sheria ya uendako kabla ya kupanda ndege.

Namna ya kulalamika

Ukishawishika kwamba bango linapotosha, Uingereza ina njia nyepesi ya kulalamika. Lipige picha bango zima pamoja na herufi zake ndogo, andika kituo, tarehe na jina la kampuni, na ujaze fomu kwenye tovuti ya ASA ndani ya miezi mitatu tangu tangazo lilipoonekana. Hulipi kitu. Usieleze kwamba kampuni ni mbaya. Eleza ni sentensi ipi au picha ipi inayoaminisha jambo lisilo la kweli, na kwa nini si la kweli. Kanuni inamtaka mtangazaji awe na ushahidi wa madai yake kabla ya kuyachapisha, kwa hiyo mzigo wa kuthibitisha ni wake. Mamlaka haitozi faini, lakini huagiza tangazo lisirudiwe jinsi lilivyo, na hutangaza maamuzi yake kila Jumatano kwa majina ya kampuni zinazohusika. Uamuzi dhidi ya NordVPN ulitokana na malalamiko ya watu tisa. Marekani malalamiko ya aina hii hupelekwa kwa Tume ya Biashara ya Shirikisho, ambayo humjibu mlalamikaji mmoja mmoja kwa nadra, ila huyakusanya na kuyatumia inapofungua kesi kubwa.